Cheni Inaruka, Gia Zinagoma: Pima Baiskeli Yako ya Mlimani Kabla ya Kununua Kifaa

Baiskeli nyingi za mlimani unazokutana nazo Arusha, Moshi au kwenye vilima vya Lushoto zilianza maisha yake Ulaya au Japani. Zimeshuka kwenye kontena, zimeuzwa mtumba, zina gia 21, 24 au 27, na anayezinunua hajui zilipita wapi. Mwanzoni zinateleza tu. Kiangazi kimoja cha vumbi kikipita, au masika yakizigonga, mambo yanaanza: ukikanyaga mlimani cheni inaruka, gia zinagoma, chini kunalia, breki zinapiga yowe hadi watu wanageuka. Mwenye mali anakwenda dukani na kununua kile kinachopiga kelele, na mara nyingi ananunua kisicho na kosa. Kwenye baiskeli, kinacholia na kinachosababisha kilio huwa vitu viwili tofauti mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Dalili nimezipanga kwa jinsi zinavyokula pesa, si kwa ukubwa wa kelele.

Cheni inaruka ukikanyaga kwa nguvu

Kabla ya kushika spana, jiulize inaruka lini. Ikiruka kwenye sproketi (magurudumu ya meno) mbili tatu tu za nyuma, zile unazozitumia kila siku, na kwingine ikatulia, basi meno ya sproketi hizo yameliwa. Ila usikimbilie kuyalaumu: aliyeyala ni cheni.

Chukua rula ya chuma. Cheni ya baiskeli ina pini moja kila nusu inchi, iwe ya Phoenix ya kubebea mkaa au ya baiskeli ya mashindano. Kanyaga pedali kidogo ili cheni ya juu ikaze, weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 kwenda mbele. Cheni mpya itasoma inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Kwenye baiskeli ya gia 11 au 12 za nyuma, ikivuka 306 kwa kiasi kinachoonekana, ibadilishe. Kwenye gia 6 hadi 10 unaweza kuvumilia mpaka 307. Ikifika 308, cheni mpya peke yake haitakusaidia tena, kwa sababu sproketi zimeshachongeka kufuata ile ya zamani.

Watu husema cheni imevutika. Vile vibati vya pembeni havivutiki hata kidogo. Kinacholika ni pini na matundu yake, ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Vumbi la Arusha likichanganyika na oili linakuwa msasa, na kila kiungo kinapojikunja kwenye jino, msasa ule unafanya kazi yake. Kila kiungo kinapoteza kidogo sana, lakini vikijumlishwa cheni inakuwa ndefu, inapanda juu ya meno badala ya kukaa shinani, na inayachonga mpaka yalingane nayo. Ndiyo maana cheni kuukuu na sproketi kuukuu zinaelewana vizuri. Weka cheni mpya hapo uone: itaruka siku hiyohiyo, na fundi atakwambia cheni uliyonunua ni feki.

Hapa nina ushauri ambao wauza vifaa hawaupendi. Kama cheni imeshapita 308, hairuki, na mfukoni hakuna bajeti ya seti nzima, iache. Endesha mpaka vyote vichoke pamoja, kisha badilisha cheni na sproketi za nyuma kwa mkupuo mmoja, na uangalie meno ya mbele kama yameanza kupinda mfano wa mapezi. Lakini kama ipo kwenye 306 au 307, nunua cheni leo. Cheni ndiyo sehemu ya bei nafuu kati ya hizo tatu, na ukiibadilisha mapema unaokoa mbili zilizobaki.

Kuna kuruka kwa aina nyingine, kunakofuata mpigo. Zungusha pedali kinyumenyume polepole na utazame cheni inavyopita kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya nyuma. Kiungo kilichoganda kitapita kimejikunja, hakinyooki. Hicho kinaruka kila cheni inapomaliza mzunguko, si kila pedali inapozunguka: cheni yenye viungo 112 kwenye meno 32 ya mbele inahitaji mizunguko mitatu na nusu ya pedali kurudi pale pale. Kilainishe kwa mafuta, kisha kishike pande mbili na ukitikise kulia na kushoto mpaka kilegee. Ikiwa inaruka kila mzunguko wa pedali, angalia sproketi ya mbele, utakuta jino limepinda kwa kugonga jiwe.

Na pedali ikikatika ghafla na kwenda bure, cheni ikiwa mahali pake, tatizo liko ndani ya friwili, kile kitovu cha sproketi za nyuma kinachoshika ukikanyaga na kuachia ukirudisha: vijino vinavyoshikilia vimejaa uchafu au vimepakwa grisi nzito visiruke. Hiyo usiiendeshe hata kwenda dukani. Ukiwa umesimama juu ya pedali, utaangukia usukani.

Kuhusu kununua cheni yenyewe, hesabu gia za nyuma tu, za mbele haziingii. Gia 6, 7 na 8 hutumia cheni ya aina moja, yenye upana wa nje wa kama milimita 7.1. Ya gia 9 ni kama 6.6, na ya gia 12 inashuka hadi 5.3 hivi. Cheni pana kwenye sproketi zilizobanana inasugua jirani yake na kubadilisha gia yenyewe. Cheni ya baiskeli isiyo na gia ni pana zaidi hata ndani, nayo nimeona ikifungwa kwenye baiskeli ya gia 21 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Tena, cheni nyembamba za gia nyingi haziungwi kwa kugongea pini ya zamani kwa nyundo. Zitakatika palepale. Tumia kile kiungo cha kufungua na kufunga kwa mkono, cha idadi ileile ya gia.

Ukiniuliza baiskeli ya kuishi nayo huku ichukuliwe ya gia ngapi nyuma, nitakwambia 8 au 9. Gia 12 ni raha, lakini cheni yake ni ghali, inadai marekebisho ya nusu milimita, na ikikufia Mtae, kijijini ndani ya milima ya Usambara, hakuna wa kukuuzia nyingine.

Jambo la mafuta ya cheni litoshe kwa maneno machache: oili chafu ya injini imeshabeba vipande vya chuma, achana nayo. Futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, iache ikauke kabisa, weka tone moja kwenye kila rola, zungusha, kisha futa nje mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Mafuta yanatakiwa ndani. Yanayong'aa nje yanaalika vumbi tu.

Gia zinagoma au zinahama zenyewe

Wengi huanza na zile skrubu mbili zenye herufi H na L kwenye direla, kile kikono cha nyuma kinachohamisha cheni. Ziache. Kazi yake ni kuweka mipaka, cheni isitumbukie kwenye spoki wala isidondokee upande wa fremu. Hazipangi gia za katikati, na ukizichezea bila sababu unaongeza tatizo la pili.

Anza kwa kusimama nyuma ya baiskeli. Vigurudumu viwili vya direla vinatakiwa kusimama wima, sambamba na sproketi. Vikiinamia ndani kuelekea spoki, henga imepinda, yaani kile kipande kidogo kinachoshikilia direla kwenye fremu. Baiskeli ya mtumba imelaliwa na wenzake baharini kwa wiki kadhaa, mara nyingi kwa upande wa kulia, kwa hiyo henga iliyopinda ni ya kutarajia. Kwenye fremu za aluminiamu henga imetengenezwa laini makusudi, ipinde yenyewe ili fremu na direla vipone. Hakuna marekebisho ya waya yatakayotibu henga iliyopinda. Gia tatu zitakaa sawa, nyingine zitakataa, na ukirekebisha zile zinazokataa, za kwanza zinaharibika. Ukiipuuza, siku utakapoingia gia nyepesi kabisa mlimani direla itaingia kwenye spoki, na hapo unanunua direla, spoki na pengine rimu.

Henga zina maumbo mengi mno. Ifungue, nenda nayo dukani, linganisha tundu kwa tundu. Mwaka 2019 SRAM, kampuni ya vifaa vya baiskeli, walileta henga ya umbo moja ambayo watengenezaji wengi wa fremu wameikubali, lakini baiskeli nyingi za mtumba ni za kabla ya hapo.

Henga ikiwa sawa, hamia kwenye waya. Cheni ikichelewa kupanda sproketi kubwa, waya umelegea: zungusha kile kijiti cha kurekebishia penye mwisho wa waya nusu mzunguko kinyume cha saa, jaribu, ongeza tena. Ikichelewa kushuka sproketi ndogo, ama waya umekazwa mno, ama unakwama ndani ya kava. Kipande kifupi cha kava kinachopinda karibu na direla ndicho kinachonywa maji na tope lote, na ndicho cha kwanza kubadilishwa. Bei yake ni ndogo, na kimenusuru direla nyingi zilizokuwa zimeshahukumiwa.

Ila angalia unachouziwa. Kava la waya wa gia ndani lina nyuzi za chuma zilizonyooka kwa urefu, wakati la breki lina chuma kilichozungushwa kama springi. Ukitumia la breki kwenye gia, linabonyea kidogo kila unapobadilisha na gia hazikai. Ukifanya kinyume, hatari ni kubwa zaidi: kava la gia likivutwa kwa nguvu ya breki linaweza kupasuka, na breki ikakuacha katikati ya mteremko.

Kuna ugonjwa mmoja wa mtumba ambao unawafanya watu watupe vitu vizima. Unasukuma kidole cha kubadilishia gia, kinakwenda bure, hakishiki. Shifta haijafa. Grisi ya kiwandani imekauka ndani kwa miaka ya kukaa stoo, na vile vikucha vidogo vimeganda. Puliza mafuta mepesi ya kupenya, sukuma mara nyingi, puliza tena mpaka uchafu wa kahawia uishe, halafu weka tone la oili safi.

Kama kweli lazima ununue shifta au direla, kumbuka kila mtengenezaji anavuta waya kwa kipimo chake. Shifta ya SRAM na direla ya Shimano kwa kawaida hazielewani. Ndani ya Shimano, direla za nyuma za baiskeli za mlimani za gia 7, 8 na 9 zinavutwa kwa kipimo kimoja, kwa hiyo direla ya gia 9 inafanya kazi vizuri na shifta ya gia 8. Kuanzia gia 10 za mlimani kipimo kilibadilika, na kuchanganya hapo ni kupoteza pesa.

Chini kunalia kila unapokanyaga

Sauti kwenye fremu inasafiri, ndiyo maana beringi za ekseli ya pedali zinasingiziwa makosa ya kila mtu. Simama juu ya pedali huku unaendesha. Sauti ikikoma, ni siti au bomba lake: litoe, futa vumbi, paka grisi kidogo, rudisha. Ikiendelea, shika mkono mmoja wa pedali na uutikise kuelekea kwenye fremu na kurudi. Mikono yote miwili ikicheza pamoja, beringi zimekwisha au zimelegea. Ukicheza mmoja peke yake, mkono huo ndio uliolegea kwenye ekseli yake.

Huu wa mwisho usiuahirishe. Kwenye zile ekseli za pembe nne, tundu la mkono ni aluminiamu na ekseli ni chuma. Ukiendesha siku mbili tatu umelegea, tundu linapanuka na kupoteza pembe zake, na baada ya hapo kaza unavyotaka, utalegea tena. Bolti yake inataka nguvu nyingi, kati ya Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) 35 na 50, ambayo spana fupi ya mfukoni haifikishi.

Ukifungua huku chini, kumbuka pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kufuata saa. Kikombe cha beringi cha upande wa cheni nacho, kwenye fremu nyingi za mlimani zenye nyuzi (michirizi kama ya skrubu), ni hivyohivyo. Nyuzi nyingi zimeuawa na fundi mwenye nguvu aliyesahau hili.

Na gurudumu la nyuma likiyumba kila baada ya kunyooshwa, tazama ekseli yake kabla ya kulaumu rimu. Baiskeli za bei ya chini zenye friwili ya kufungwa kwa nyuzi zina beringi ya kulia iliyokaa mbali na fremu, na ekseli inapinda au kukatika chini ya mzigo. Kujua unayo ipi ni rahisi: zungusha sproketi kinyumenyume na utazame kile kipande cha katikati cha kuingizia kifaa cha kufungulia. Kikizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti, yaani sproketi zilizochomekwa kwenye kitovu. Kikitulia huku sproketi zinazunguka, ni friwili ya nyuzi, na gurudumu hilo lisibebe abiria.

Breki zinapiga yowe, au mkono unazama

Yowe la breki ya diski lililoanza siku moja baada ya kuoshwa au kupuliziwa mafuta ni la uchafu. Mtu amelenga cheni, mvuke wa oili umetua kwenye diski. Ifute diski kwa spiriti na kitambaa safi. Pedi zikiwa zimeshanywa mafuta, kuzisugua kwa msasa husaidia siku chache tu, nunua mpya. Ukizifunga, shuka mteremko mpole na ubane breki taratibu mara nyingi bila kusimama kabisa, zishikane na diski.

Mkono wa breki ukizama mpaka karibu na usukani, tofautisha. Ukizama kwa ulaini, na ukibana mara kadhaa mfululizo unakuwa mgumu, kuna upepo ndani ya mafuta. Ukiwa mgumu lakini unakwenda mbali, pedi zimeisha; Shimano wanataka zibadilishwe zikibaki na nusu milimita. Diski zao mpya zina milimita 1.8, na zikifika 1.5 ni za kutupa.

Kwenye kutoa upepo ndipo makosa ya gharama kubwa yanapofanyika. Breki za Shimano, Tektro na Magura hutumia mafuta ya madini. Za SRAM kwa miaka mingi zimetumia DOT, yale ya breki za gari, ingawa baadhi ya modeli zake mpya zimehamia mafuta ya madini. Soma kifuniko kwenye mkono wa breki kabla hujamimina chochote. Mafuta yasiyo yake yanavimbisha mpira wa ndani, na breki nzima inakwisha. Gurudumu likiwa limetolewa, usibane mkono wa breki. Pachika kipande cha kadibodi katikati ya pedi.

Pedi ziko za aina mbili hasa. Za rezini ni kimya na zinashika haraka, lakini zinaisha upesi kwenye tope na zinapoteza nguvu zikipata joto jingi. Za chuma zinastahimili. Kwa mtu anayeshuka kutoka Lushoto hadi Mombo, zaidi ya kilomita 30 za mteremko na kona, nisingemfungia rezini, mradi diski yake isiwe imeandikwa kuwa inakubali rezini pekee. Diski hizo ni laini na pedi za chuma zinazila.

Na kwa anayeishi mbali na mji? Breki za waya, ziwe za diski au za kubana rimu. Waya wa breki unaupata duka lolote la baiskeli. Za kubana rimu zikipiga kelele, elekeza mpira wake ncha ya mbele iguse kwanza kwa tofauti ndogo, na pitisha kidole kwenye ubavu wa rimu: ukiwa umebonyea, rimu imelika na inaweza kupasuka na tairi likiwa limejaa.

Pancha zisizoisha

Tundu lenyewe linasema. Mawili yaliyokaa jirani ni tyubu iliyobanwa na rimu kwenye jiwe, upepo ulikuwa mdogo. Moja upande wa nje ni mwiba au mbigili, na pengine bado umo: pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitanasa. Upande wa ndani ni kichwa cha spoki, badilisha utepe wa rimu.

Ukinunua tairi, usiamini inchi. Inchi 26 ya mlimani ni milimita 559, kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, lakini 26 x 1⅜ ni 590, na haiingii kwa namna yoyote. Namba ya kuangalia imeandikwa ubavuni kwa milimita, kama 50-559. Inchi 27.5 ni 584, na 29 ni 622.

Mbele kunagonga

Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, huku vidole vikishika penye maungio ya usukani na fremu. Ukihisi mchezo hapo, beringi za shingo zinataka kukazwa: legeza bolti za pembeni za shingo ya usukani, kaza ile ya juu kidogo kidogo mpaka mchezo uishe na usukani bado ugeuke kwa wepesi, kisha kaza za pembeni. Mchezo ukiwa chini, kati ya miguu ya shokapu, ni bushi za ndani.

Shokapu nzuri ya upepo inafaa kuhudumiwa. RockShox, watengenezaji wa shokapu, wanapendekeza miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa mafuta mapya kila saa 50 za kuendesha, na uzito wako ukikaa juu yake iingie kama robo ya safari yake, yaani umbali wote inaoweza kuzama, au pungufu kidogo. Lakini ile ya springi iliyokuja na baiskeli ya bei ya chini, ikishaanza kuyumba, haina vipuri na haistahili pesa yako. Tafuta foko (ile uma inayoshika gurudumu la mbele) ya chuma isiyo na shokapu. Ni nyepesi zaidi, haiharibiki, na kwenye barabara za vumbi tairi pana lenye upepo wa kadiri linafanya sehemu kubwa ya kazi ile. Sharti lake ni urefu: pima kutoka katikati ya ekseli hadi pale foko inapokutana na fremu, ukiwa hujaikalia, toa kiasi ambacho ile ya zamani ilikuwa inazama chini ya uzito wako, na usikubali iliyo fupi mno. Pua ya baiskeli ikishuka, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na mteremkoni utalijua hilo kwenye kona ya kwanza.